Unachoka Saa Ngapi?

Nyinyi mnaoingia kazini sasa, koti jeupe bado lina mikunjo ya dukani, mniwie radhi. Niliombwa niwaandikie jambo la kuwatia moyo. Nimekaa na karatasi wiki nzima hapa kwangu Voi, treni zikipita na malori yakipita, na moyo wenyewe wa kuwatia sina. Nimechoka. Nalala nimechoka na naamka nimechoka, asubuhi sawa na jioni, na kwa kuwa uchovu wangu hauna saa najua ni wa miaka na wa kazi, basi. Uko uchovu mwingine wenye saa zake, nao ndio nitakaowaeleza, kwa sababu nilikosea juu yake mara mbili na mara ya pili haikurekebishika.

Nilikuwa klinikal ofisa, yaani tabibu wa dispensari, miaka thelathini na kitu. Watu walituita daktari, nasi hatukuwasahihisha. Nilianzia upande wa Njukini, kijana mwembamba mwenye kiburi cha chuo. Juma la kwanza alikuja mama mmoja kutoka shambani, msimu wa kupalilia maharagwe, analalamika kichwa. Nikamuuliza kama nilivyofundishwa, "Mama, unajisikia uchovu?" Alicheka mpaka akashika meza. Akageukia wenzake waliokuwa kwenye benchi, "Jamani, huyu mtoto anauliza kama nimechoka!" Benchi zima likacheka. Nikaandika "uchovu: ndiyo" na kwa miaka mingi nikaendelea kuandika hivyo kwa kila mtu, bila kujifunza chochote kutokana na kicheko kile. Swali ambalo kila mtu hulijibu ndiyo halikusaidii kitu.

Kutoka huko nikahamishiwa dispensari iliyo kando ya barabara kuu kati ya Voi na Maungu, na hapo ndipo nilipokaa hadi wakanikatia keki ya kuniaga. Mkubwa wangu pale alikuwa Mzee Mwandoe, klinikal ofisa wa zamani, mtu wa milimani, mpole kwa wagonjwa na mkali kwa sisi. Kama alikuta unaandika huku mgonjwa anaingia mlangoni, alikunyang'anya kalamu akaitia mfukoni mwake. "Kalamu yako inaona nini? Mwangalie mtu anavyotembea kabla hajaketi. Akishaketi amekwisha kukuficha nusu." Nimerudi nyumbani mara nyingi bila kalamu, na mara nyingi nikiwa nimejifunza kitu.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya safu ya umri katika rejista. Sisi vijana tulikuwa na ujanja wetu: mtoto tulimwandikia miaka yake, mtu mzima tukamwandikia herufi A. Ni A ya Kizungu, maana yake mtu mzima, na yeyote mwenye ndevu au matiti aliingia humo. Mzee Mwandoe aliichukia herufi hiyo kama mtu anavyochukia kunguni. "A ni umri gani? Wa mbuzi?" Tukimwambia wazee hawajui walizaliwa lini, alivuta kiti, akaanza. "Mama, kifungua mimba wako yuko wapi siku hizi? Ana miaka mingapi? Na ulipompata ulikuwa umekaa kwa mume muda gani?" Baada ya dakika moja na vicheko viwili ana umri, na wala haukosei sana. Mjifunze njia hiyo. Lakini siku ya foleni ndefu, sindano zinaisha na dereva wa lori anapiga kelele mlangoni, A ni rahisi. Mzee alipostaafu, A ilitawala rejista yote, na aliyeitawaza ni mimi.

Baada ya yeye kuondoka ndipo alipokuja Mwalimu Wakesho.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwenye miaka ishirini na sita. Hiyo naijua sasa, wakati ule rejista ilisema A. Alifika alfajiri, wa kwanza kwenye benchi, kwa sababu alitaka kuwahi darasani. Akaingia amesimama wima, macho maangavu, sauti ya mwalimu kabisa. Nikamwambia aketi.

"Daktari, mimi saa hizi niko sawa," alisema. "Shida ni jioni. Ikifika somo la mwisho ulimi unakuwa mzito, nazungumza puani, na macho yanataka kujifunga."

Sikilizeni maneno hayo tena. Ugonjwa wote alinipa, umefungwa vizuri, ndani ya sentensi tatu. Mimi nikampima presha, nikamwangalia koo, nikamwona msichana mwenye afya. Nikamuuliza kama ameachana na mtu. Akaniangalia. Nikaandika "mawazo" nikampa vidonge vya vitamini.

Alirudi mara mbili zaidi, kila mara alfajiri, kila mara mzima. Mara ya tatu alikuja analia. Mwalimu mkuu wake alikuwa amemwandikia barua kwamba anakuja kazini amelewa. Watoto walikuwa wamesema nyumbani kwamba mwalimu anaongea kama mlevi na anasinzia amesimama, na mzazi mmoja alikuja kumwangalia mchana wa saa nane akathibitisha. Kumbukeni huyu ni binti wa kanisani, baba yake mzee wa kanisa. "Nikifukuzwa kwa pombe, daktari, sitarudi nyumbani," aliniambia. "Nitarudi na uso gani?" Nikamshauri apumzike. Hilo ndilo neno tunalolitoa tukiwa hatuna neno.

Kilichomwokoa ni mvua. Siku hiyo ilinyesha kubwa, kitu ambacho upande wetu hakitokei mara nyingi, na mto mkavu ulioko kabla ya kwao ukajaa maji, hakuna kuvuka. Akakaa kwenye benchi letu kutwa. Saa tisa alasiri nikatoka kwenda kunawa mikono, nikapita mbele yake, nikasimama. Alikuwa ameshika kidevu chake kwa kiganja, kama mtu anayeshikilia mfuniko wa sufuria usianguke. Kope la kulia limeshuka nusu ya jicho, na la kushoto analiinua kwa kidole ili anione. Nikamwambia, "Mwalimu?" Akajibu kwa sauti ya puani ambayo sikuitambua. Asubuhi ile ile nilikuwa nimeandika "hana tatizo".

Aibu niliyoona siku hiyo sikuwahi kuiona. Nikampigia simu daktari wa mishipa ya fahamu huko Mombasa, mtu niliyekutana naye semina moja tu. Akanisikiliza, akauliza, "Una barafu?"

"Ya chanjo iko."

"Funga kwenye kitambaa, weka juu ya kope dakika mbili, halafu uniambie."

Barafu ya chanjo ilikuwa mali ya Sista Mghoi, muuguzi wetu, na ilikuwa rahisi zaidi kumwomba figo. "Hii ni ya watoto," alisema, amesimama mbele ya friji na mikono kiunoni. Nikamwonyesha uso wa Mwalimu. Akatoa pakiti mwenyewe, akaifunga kwa kitambaa safi, akaibana kwenye kope lile huku akihesabu kwa saa yake ya kifuani. Alipoiondoa, jicho lilikuwa wazi. Wazi kabisa, kama la asubuhi. Sista Mghoi alisema "Yesu wangu" akakaa chini. Baada ya muda mfupi kope likaanza kushuka tena polepole, na Mwalimu akauliza tunachoshangaa ni nini.

Daktari wa Mombasa alinieleza kwa simu. Jina la ugonjwa ni refu, la Kigiriki na Kilatini, mayasthenia gravis, na hadi leo nikilitamka haraka najikwaa. Kinga ya mwili, iliyowekwa kulinda, inageuka na kushambulia pale mishipa ya fahamu inapokutana na misuli. Ujumbe unatumwa lakini haupokelewi vizuri, na kadiri msuli unavyotumika ndivyo unavyozidi kuishiwa. Ukipumzika, nguvu inarudi. Ndiyo maana asubuhi mtu ni mzima na jioni ameanguka. Macho huanza, kutafuna na kumeza hufuata, na ukizembea hufika kwenye kupumua. Ni ugonjwa wa nadra, alisema, lakini una dawa. Kisha akaniambia jambo ambalo nataka mliandike mahali: "Unawapata watu wa marika yote. Lakini walio wengi ni wa makundi mawili. Wanawake wakiwa vijana, kabla ya arobaini. Na wanaume wakiwa wazee, baada ya sitini."

Nilisikia yote. Niliandika nusu.

Nilichukua kipande cha kadibodi, nikaandika kwa kalamu nene: MWANAMKE KIJANA. KOPE. JIONI. Nikakibandika ukutani juu ya meza yangu. Kwa nini sikuandika na ile nusu nyingine? Nimejiuliza mara nyingi. Kadi ilikuwa ndogo, hiyo ni kweli, lakini kadi nyingine zilikuwepo. Nadhani ni kwa sababu mbele yangu alikuwa amekaa msichana, na mtu huamini anachokiona. Mwalimu Wakesho alipelekwa Mombasa, akaanzishiwa vidonge, baadaye akapasuliwa kuondolewa tezi moja iliyo nyuma ya mfupa wa kifua ambayo huchangia fujo hiyo, hasa kwa vijana. Barua ya ulevi ilifutwa. Alirudi darasani, akawa anapanga hesabu na Kiswahili asubuhi na kuwapa watoto kuchora alasiri. Mama yake alinitania kwamba Wakesho kwao maana yake ni aliyezaliwa asubuhi, sasa mimi nilitarajia nini.

Nami nikawa bingwa. Msichana yeyote aliyekuja na neno uchovu sikumuuliza tena kama amechoka, nilimuuliza anachoka saa ngapi. Mchukue swali hilo, ndilo urithi wangu. Anayesema "siku nzima" mpime damu, muulize habari za nyumbani, mwache apumue. Anayesema "naanza vizuri halafu naishiwa" mwangalie kwa makini. Mwambie atazame dari bila kupepesa dakika nzima, uone kama kope linateremka. Mwambie ahesabu kwa sauti hadi hamsini, usikilize kama sauti inahamia puani. Muulize anatafuna nyama au anaiacha katikati. Na siku hizi kila mtu ana simu ya picha, ambayo sisi hatukuwa nayo: mwambie ajirekodi jioni na akuletee asubuhi. Kliniki zetu ni za asubuhi, na huu ni ugonjwa wa jioni. Usipofanya hila hutauona. Wengi wa wasichana wale hawakuwa nao, lazima niseme. Mmoja alikuwa nao kweli, kutoka Maungu, tukampata mapema. Wafanyakazi wapya wakafundishwa kadi ile ya ukutani. Walinipa jina Daktari Kope, na nilijifanya silipendi.

Miaka ikaenda. Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu, Mzee Mwandoe alianza kuja dispensari, safari hii upande wa pili wa meza.

Alikuwa amekonda. Alikuja alfajiri, amenyoa, amevaa koti, kwa sababu alitufundisha kwamba mgonjwa mwerevu huwahi foleni. Alisema chakula hakiendi, anatafuna mpaka taya inakataa. Nikamwangalia meno, yalikuwa machache. "Mzee, ni meno," nilisema. "Tengeneza uji." Mara ya pili akasema shingo haibebi kichwa, ikifika jioni kidevu kinaangukia kifuani. Nikamwambia ni mgongo, ni miaka, hata mimi mwenyewe nimeanza. Tukacheka wawili. Aliitazama rejista ikiwa imegeuka kichwa chini upande wake, kwa mazoea, akaona nimeandika A. Akatikisa kichwa.

Ile kadi ilikuwa juu ya kichwa changu wakati wote huo. Alikuwa ameketi akiitazama.

Mara ya tatu alikuja anakohoa. Chai ilikuwa imempalia mara kadhaa, na sasa kifua kilikuwa kichafu na ana homa kidogo. Nikamwanzishia sindano, ile antibiotiki ya jentamaisini, jenta kwetu, iliyokuwa rafiki yetu wa kila kifua, ya kwanza Jumamosi na ya pili Jumapili alfajiri nyumbani kwake, kabla ya ibada, nikienda mwenyewe kwa heshima. Ninyi sasa mnafundishwa, mimi sikujua: jenta ni mojawapo ya dawa ambazo mtu mwenye ugonjwa huu hapaswi kupewa. Inakaba pale pale palipokwisha kukabwa. Kwinini pia, na nyingine; ulizeni orodha, ibandikeni, na ibandikeni yote.

Jumatatu alasiri Mwalimu Wakesho alipita kuchukua dawa zake. Sasa alikuwa mama wa watoto wawili, mnene kidogo, mwenye kucheka. Siku hiyo hakucheka.

"Daktari, Mzee Mwandoe umemwona?"

"Ninamtibu. Kifua."

"Jana kanisani ibada ilivuta mpaka saa nane. Nilikuwa nyuma yake. Alishika kidevu hivi." Akaweka kiganja chini ya taya yake. "Na jicho moja likawa linafunga. Ni kama mimi, daktari."

Nikatabasamu. Bado nakumbuka kwamba nilitabasamu. "Mwalimu, ule ni ugonjwa wenu wasichana."

"Wetu? Nani amewaambia ni wetu?" Alishangaa kweli. "Kliniki ya Mombasa si huwa naenda? Benchi lile linajaa wasichana na wazee wa kiume. Mara ya kwanza nilidhani wale wazee ni baba zao wamewasindikiza. Nikamwambia mmoja, baba, binti yako ameingia? Akaniambia, binti gani, mgonjwa ni mimi."

Nikaisikia tena sauti ya daktari kwenye simu, ile nusu ya pili, neno kwa neno. Ilikuwa imekaa mahali fulani kichwani mwangu miaka yote hiyo bila kufanya kazi.

Nikamwomba Sista Mghoi barafu. Naye alikuwa karibu kustaafu. Aliniona uso akanipa. Nikapanda bodaboda nimekumbatia kibebeo cha chanjo, tukafika kwa Mzee bado jua ni kali. Mkewe, Mama Righa, alinipokea mlangoni akasema amelala tu, amechoka. Nikamkuta ameegemezwa mito, kope zote mbili chini, anapumua kwa pumzi fupi za juu juu. Nikafunga barafu, nikaibana juu ya jicho la kushoto. Dakika mbili. Nikaondoa.

Jicho likafunguka likanitazama.

Alikuwa mwalimu wangu, hakuhitaji kuelezwa. Alinitazama kwa jicho hilo moja, na nikaona anafikiri, anarudi nyuma hatua kwa hatua, taya, shingo, chai, sindano. "Kumbe," alisema, kwa sauti ya puani. Baadaye kidogo akauliza, "Jenta umenipa ngapi?"

"Mbili, Mzee."

Akafumba jicho lile, na safari hii alilifumba mwenyewe.

Nikapiga simu ya gari la wagonjwa, nikapiga simu Mombasa, nikakaa ukingoni mwa kitanda kuandika barua ya kumpeleka. Mkono ukaandika wenyewe: jina, mwanamume, halafu A. Akanyoosha kidole chake kikavu akagonga karatasi. Nikainama kumsikia.

"Sabini na mbili," alisema. "Andika."

Nikakata A, nikaandika sabini na mbili. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu, maana njiani walimwekea hewa, na Mombasa wakamweka kwenye mashine ya kupumua. Daktari yule yule aliniambia kwamba mwezi mmoja mapema angekuwa mgonjwa wa kawaida wa vidonge, anayekaa kwenye benchi na wasichana. Alikaa kwenye mashine siku tano. Siku ya sita Mama Righa alinipigia simu akasema, "Ameenda," nami nikasema pole, kama mtu yeyote.

Baada ya mazishi nilibandua ile kadi. Nikaandika nyingine kubwa, yenye makundi yote mawili, na chini yake nikaongeza kwamba hata asiye wa kundi lolote anaweza kuugua, kwa hiyo waangalie watu na si kadi. Kisha nikafanya jambo la kipumbavu. Kila alasiri nilipopata nafasi nilitoa rejista za zamani stoo, nikapekua, nikitafuta wazee wengine niliowaambia ni meno na ni mgongo. Nilitaka kujua ni wangapi. Kurasa na kurasa: mwanamume, A. Mwanamume, A. Udhaifu, A. Kupaliwa, A. Huyu anaweza kuwa na thelathini au themanini, hakuna anayejua tena. Nilikuwa nimewafuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi moja, ili foleni isogee.

Nimelifikiria sana jambo hili, na sina akili za kitabu, lakini mnisikilize. Hakuna anayejua barabara kwa nini ugonjwa huu unawachagua wanawake wakiwa vijana na wanaume wakiwa wazee. Ninachojua ni jinsi sisi tulivyousaidia kujificha. Msichana akisema amechoka tunamwambia ni mawazo. Mzee wa kiume akisema amechoka tunamwambia ni uzee. Maneno hayo mawili tunayo tayari mdomoni, na yanawafunika watu wale wale hasa ambao ugonjwa unawatafuta. Msidhani ninyi hamnayo. Mtayasikia yakitoka mdomoni mwenu kesho saa tatu.

Nilibaki na kitu kimoja cha kufanya. Kwa miezi miwili nilikiahirisha. Kila mtu alikuwa amemwambia Mama Righa kwamba mumewe amekwenda kwa uzee, amemaliza mwendo wake, na mchungaji alilisema hilo kaburini vizuri sana. Naye alikuwa ametulia nalo. Ningeweza kuacha. Nimewaona wenzangu wengi wakiacha, na siwalaumu.

Nilikwenda alasiri moja. Alinikaribisha sebuleni, akaniletea chai na viazi vitamu, akauliza habari za nyumbani. Nikamwambia.

"Mama Righa, Mzee hakuwa na uzee. Alikuwa na ugonjwa, na ugonjwa wenyewe una dawa. Alikuja kwangu mara tatu akanieleza, sikumwelewa. Na sindano nilizompa zilimzidishia."

Alikaa. Birika lilikuwa mkononi mwake, hakuliweka chini. Nje kuku walikuwa wanaparua. Nilifikiri atapiga kelele, na nadhani nilitaka apige.

"Ungeniacha na uzee wangu," alisema.

"Najua, Mama. Nisamehe."

"Mwanangu Righa alimtaka aende kwake Mombasa, mwanzoni kabisa, wakati ule nyama ilipoanza kumshinda. Alimtafutia daktari mkubwa. Akakataa. Nikamsihi mimi, akakataa." Alinitazama, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Alisema, ya nini kwenda kwa mtu asiyemjua, na huku yuko daktari aliyemfundisha kwa mikono yake."

Kisha akanijazia kikombe, kwa kuwa kilikuwa kimebaki nusu, nami nikanywa.